Igizo dhima kwa wauguzi: tunamwigiza mgonjwa, tunasahau kumuuliza

Kadi inasema hivi: "Wewe ni mama wa miaka 58. Ni Mwislamu. Una kisukari. Hutaki kuhudumiwa na mwanamume." Mwanafunzi aliyeipokea anaisoma haraka, anajitanda mtandio ulioletwa kwa kazi hiyo, anainamisha kichwa na kupunguza sauti. Darasa linacheka kidogo. Mwenzake, ambaye leo ndiye muuguzi, anaingia, anasalimu, anatamka kwamba anaheshimu dini ya mgonjwa, kisha anakwenda kumwita muuguzi wa kike. Mkufunzi anaweka vema kwenye fomu yake: faragha, vema, heshima, vema, imani ya mgonjwa, vema. Muda umekwisha, wanaingia wawili wengine na kadi yao.

Hakuna kosa la wazi hapo, na ndiyo maana mazoezi ya namna hii yanadumu. Lakini huyo muuguzi amejifunza nini? Alijua dini ya mgonjwa kabla ya kumwona. Alijua ombi lake kabla halijatamkwa. Hakuuliza swali hata moja ambalo jibu lake lingeweza kumshtua. Na aliyeigiza mgonjwa naye ametoka akiwa amethibitishiwa alichokuwa anakiamini tangu asubuhi: kwamba mama wa Kiislamu ni mtandio, sauti ya chini na kukataa wanaume.

Nasema haya nikiwa upande wa igizo dhima. Sioni nyenzo nyingine ya darasani inayomweka mwanafunzi wa uuguzi ana kwa ana na mtu asiyefanana naye, mahali ambapo akikosea hakuna anayeumia. Tatizo ni kwamba tumeipa kazi isiyo yake. Igizo haliwezi kumweleza mwanafunzi watu wengine wakoje. Linaweza kumzoeza kuuliza, kusikiliza jibu asilolitarajia, kupatana na mtu ambaye hawakubaliani, na kujirekebisha akiwa bado yuko mbele yake. Hizo ni stadi za mdomo, macho na masikio, nazo hazisomwi kwenye jedwali.

Kadi zetu zina ukoo wake. Katika miaka ya 1950 muuguzi Mmarekani Madeleine Leininger alikuwa akihudumia watoto wenye matatizo ya akili, akaona kwamba watoto waliotoka katika malezi tofauti wanaitikia huduma ileile kwa namna tofauti, na kwamba mafunzo yake hayakumpa maelezo yoyote. Akaenda kusomea anthropolojia. Aliishi na Wagadsup katika nyanda za juu za Papua New Guinea, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1965, na kutokana na kazi hiyo likazaliwa tawi zima la uuguzi linaloshughulikia utamaduni na huduma. Alikuwa mtu aliyekaa na watu, akawatazama, akawauliza, akarudi kuwauliza tena. Sehemu kubwa ya ufundishaji uliofuata ikabeba matokeo ikaiacha njia. Yakaja majedwali: kundi hili halili hiki, kundi lile halitazami mtu machoni, wale maiti yao huoshwa hivi. Mwanafunzi anakariri usiku, anamwaga asubuhi kwenye mtihani.

Si kwamba wataalamu walilala. Josepha Campinha-Bacote, muuguzi mwingine wa Marekani, aliugawa umahiri wa kitamaduni, yaani uwezo wa kumhudumia vizuri mtu wa utamaduni mwingine, katika sehemu tano: utambuzi wa nafsi, maarifa, stadi, kukutana na watu, na utashi. Angalia vizuri: katika hizo tano, ni maarifa peke yake yanayoweza kuingia kwenye jedwali. Huko New Zealand, muuguzi Mmaori Irihapeti Ramsden aligeuza swali lenyewe. Kwake, la kwanza halikuwa mgonjwa huyu ni wa kabila gani. Lilikuwa mimi ninayemhudumia ni nani, nimetoka na dhana gani, na nina mamlaka gani juu yake. Akaongeza kwamba anayeamua kama huduma ilikuwa salama kwa utamaduni wa mgonjwa ni mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1992 Baraza la Uuguzi la New Zealand likaufanya msimamo huo kuwa sharti la mafunzo ya uuguzi. Miaka 6 baadaye madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, wakataka tuzungumzie unyenyekevu badala ya umahiri, kwa sababu hakuna siku mtu atahitimu utamaduni wa mwenzake. Sitaki kuingia kwenye ugomvi wa majina. Ninachosema ni kwamba fikra ilishasonga mbele miaka mingi, ila kadi nyingi za igizo bado ni za enzi ya jedwali.

Wapo watakaojibu kwamba mwanafunzi akivaa viatu vya mgonjwa hata kwa dakika chache atamwelewa zaidi. Ni imani tamu, na wengi wetu tulifundishwa hivyo. Mwaka 2018 Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley walichapisha majaribio 25 yaliyoipima imani hiyo. Waliwataka watu wajiweke katika nafasi ya mwenzao kisha wakisie anachofikiri, anachohisi au anachopenda. Kujiweka katika nafasi ya mtu hakukuongeza usahihi wa kumsoma. Kwa ujumla kuliupunguza, na mara nyingine kulimfanya mkisiaji ajiamini zaidi. Kilichosaidia ni kuzungumza na mtu huyo na kumuuliza. Kuuliza si ujinga, wahenga walishasema, bila majaribio hata moja.

Mwaka mmoja kabla, Michelle Nario-Redmond na wenzake walichunguza mazoezi ambayo wanafunzi hujifanya vipofu, viziwi au watu wanaotumia kiti cha magurudumu. Huruma iliongezeka, hilo halikatai mtu. Lakini washiriki walitoka wakijihisi wamechanganyikiwa, wana aibu na hawajiwezi, na mtazamo wao kuhusu kuchangamana na watu wenye ulemavu haukuboreka. Walionja dakika za mwanzo za upofu, wakazidhania kuwa ndiyo maisha ya kipofu. Ulemavu na utamaduni si kitu kimoja, lakini mtego ni uleule: mwigizaji hujaza nafasi kwa alichokuwa nacho kichwani, na kichwani hamna kingine zaidi ya alichosikia mitaani.

Basi kadi iandikweje? Ningeanza kwa kumnyima muuguzi taarifa. Kadi yake iseme tu kwamba mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini amekuja kliniki kwa miadi yake ya kawaida, na Ramadhani imebaki wiki sita. Kisha ningeandika kadi tatu za mgonjwa, zote za mama wa umri uleule na dini ileile, na muuguzi asijue amepewa yupi.

Mama wa kwanza atafunga, hilo ameshaamua. Mwaka jana alitetemeka na kutokwa jasho mchana, akalala chini hadi ikapita, na hakumwambia mtu kliniki kwa sababu alijua atakemewa. Mama wa pili hafungi tangu alipoanza sindano, anafidia kwa njia inayoruhusiwa, na amechoka kuulizwa habari za kufunga na kila anayeona jina lake kwenye faili. Mama wa tatu anafunga, ingawa moyoni angependa kupumzika. Anachoogopa ni kuonekana nyumbani kuwa ndiye mgonjwa, yeye ambaye miaka yote ndiye aliyewaamsha wengine kula daku.

Sasa darasa lina kazi. Muuguzi akianza na hotuba ya kuheshimu dini, mama wa pili atamkata kwa jicho. Akianza kwa kukataza, mama wa kwanza atasema "sawa mwanangu" na atafunga vilevile, bila mpango wowote wa dawa. Kwa mama wa tatu, hata taarifa sahihi kwamba Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga haitafika mbali, kwa sababu analijua hilo siku nyingi. Hofu yake iko kwa watoto wake. Muuguzi asipoifikia hofu hiyo, amezungumza na ukuta.

Na hapa ndipo utaalamu wa kitabibu unaporudi kwa heshima zake. Anayeamua kufunga anahitaji kujua kwamba dozi hurekebishwa na daktari kabla, si katikati ya mwezi. Kwamba sukari ipimwe mara nyingi zaidi mchana, na wanazuoni wengi wanasema kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Kwamba ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, au ikipanda juu ya 300, afungue hapohapo. Leininger aliziona njia tatu za huduma inayojali utamaduni: kuhifadhi desturi ilivyo, kuipatanisha na matibabu, au kumsaidia mtu aibadilishe. Kwenye slaidi zinakaa kwa mstari kama watoto wa shule. Katika igizo hili zinagombana ndani ya mazungumzo mamoja, na mwanafunzi anapaswa kuchagua huku mtu anamtazama.

Maswali ya kuanzia yapo tayari tangu 1978, pale Arthur Kleinman, Leon Eisenberg na Byron Good walipopendekeza mgonjwa aulizwe anavyouelewa ugonjwa wake. Unadhani nini kimesababisha tatizo hili? Kwa nini lilianza wakati ule na si mwingine? Limekuletea shida gani kubwa? Unaogopa nini zaidi? Ni maswali mepesi kuyasoma, magumu kuyatamka. Mwanafunzi akiyasoma kama fomu ya uhamiaji, mgonjwa anajibu kama aliyeko mpakani. Kuyafanya yatoke mdomoni kama maneno ya mtu kunahitaji mazoezi, tena ya sauti, tena mbele ya mwenzako anayekataa kukurahisishia.

Kama chuo kina nafasi ya igizo moja tu kwa muhula, mimi ningechagua la mkalimani. Viti vitatu: mgonjwa, muuguzi, na kijana wa mgonjwa anayetafsiri. Madarasa mengi yana wanafunzi wawili wanaoshiriki lugha ambayo wengine hawaijui, kwa hiyo hata vifaa havihitajiki.

"Muulize maumivu yalianza lini," muuguzi anamwambia kijana.

Mgonjwa anazungumza kwa muda mrefu, anashika tumbo, anataja jina la mtu, anatikisa kichwa.

"Amesema juzi."

Muuguzi anaandika: juzi.

Darasa huwa linacheka, na mara hii kicheko ni cha haki. Kisha unasimamisha igizo na kuuliza: muuguzi alikuwa anamtazama nani? Karibu kila mara alikuwa anamtazama kijana, na mgonjwa amegeuka mzigo uliowekwa mezani. Viti vinahamishwa, mgonjwa na muuguzi wanatazamana, mkalimani anakaa pembeni nyuma kidogo. Muuguzi anajaribu tena, safari hii anamsemesha mgonjwa: "Maumivu yalianza lini, mama?" Na jibu fupi likija anasema kwa utulivu, "Naona ameeleza mengi. Naomba unitafsirie yote, hata yale unayoona hayana maana." Sentensi hiyo ni ngumu kumwambia kijana aliyejitolea kusaidia. Ndiyo maana inafaa itamkwe kwa mara ya kwanza darasani.

Uzito wake si wa adabu tu. Glenn Flores na wenzake mwaka 2003 walichambua mazungumzo 13 yaliyorekodiwa katika kliniki ya watoto nchini Marekani, kati ya watoa huduma na familia zilizozungumza Kihispania. Walihesabu makosa 396 ya ukalimani, wastani wa 31 kwa kila mazungumzo, na asilimia 63 ya makosa hayo yangeweza kuathiri matibabu. Palikuwa na maswali kuhusu mzio wa dawa ambayo hayakutafsiriwa kabisa. Makosa ya wakalimani wa kuokoteza, wakiwamo ndugu wa mgonjwa, yalikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuleta madhara kuliko ya wakalimani wa hospitali: asilimia 77 dhidi ya 53. Ukisoma takwimu hizo vizuri utaona kwamba hata wakalimani wa hospitali hawakuwa salama sana. Muuguzi ndiye anayebaki na wajibu wa kunusa kwamba kuna kilichomezwa njiani.

Je, mwanafunzi anayekaa kwenye kiti cha mgonjwa apate nini, ikiwa si ufahamu wa utamaduni wa mgonjwa? Apate ufahamu wa utamaduni wa hospitali. Huo ndio tunaousahau, kwa kuwa tumekwisha kuwa wenyeji wake. Hospitali ina mavazi yake, lugha yake ya vifupisho, saa zake za kuona ndugu, ngazi zake za nani humsalimu nani, na desturi ya ajabu ya kumvua mtu mzima nguo kabla ya kumuuliza jina. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu haoni tena ugeni wowote hapo. Mlaze kitandani, mvishe gauni lisilofunga mgongoni, acha wenzake watatu wazungumze juu ya kichwa chake kuhusu "kitanda namba nne", na umwombe asiseme lolote kwa dakika kumi. Hatajua zaidi kuhusu Waislamu, Wahindu au wahamiaji. Atajua jambo kuhusu sisi.

Kuhusu nani aigize, nina mambo machache. Mtandio wa kuazima, rangi usoni na lafudhi za kuchekesha ziondoke kabisa; hazina kazi ya kitaaluma zaidi ya kuchangamsha darasa. Mwanafunzi pekee wa kabila au dini fulani asigeuzwe msemaji wa watu wake wote, na akikataa dhima aliyopewa asidaiwe maelezo. Afadhali watu kutoka nje ya chuo. Tangu 1963, daktari Howard Barrows alipoanza kuwatumia watu waliofunzwa kuigiza wagonjwa mbele ya wanafunzi wa udaktari huko California, vyuo vingi vya afya vimeifuata njia hiyo, na wenyeji wa jamii husika wanaweza kushirikishwa kuandika kadi hata kama hakuna fedha ya kuwalipa waje kuigiza kila wiki. Wakiziandika wao, utashangaa jinsi vyakula na mavazi yanavyopungua na jinsi habari za kusubiri, kupuuzwa na kutoeleweka zinavyojaa.

Baada ya igizo ndipo somo linapoanza, na ndipo linapouawa mara nyingi. "Ulijisikiaje?" "Vizuri." "Wengine mna maoni?" Kimya. "Haya, wapigieni makofi." Igizo la dakika kumi linastahili mazungumzo ya dakika ishirini au zaidi, na mkufunzi asiogope kimya. Swali moja hunivutia kuliko mengine: ni wakati gani uliamua kwamba umeshamjua mgonjwa huyu? Mwanafunzi mkweli ataonyesha sekunde yenyewe, na kwa kawaida ni kabla mgonjwa hajamaliza sentensi ya pili. Kutoka hapo mnaweza kurudi nyuma na kucheza tena kipande hichohicho. Mbrazili Augusto Boal alijenga ukumbi wa michezo wa namna hiyo, ambapo mtazamaji anaweza kupaza sauti "simama!", akapanda jukwaani, akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Kwa wauguzi inafaa mno. Anayekosoa akiwa amekaa hunyanyuka akajionea kwamba si rahisi, na darasa linaona njia tatu au nne badala ya jibu moja la mkufunzi.

Yapo mambo ambayo igizo litayafikisha mlangoni tu. Mtu mzima mwenye akili timamu akikataa kuongezewa damu kwa sababu ya imani yake, mwanafunzi anaweza kujizoeza kuhakikisha kwamba ameelewa matokeo na kwamba hashinikizwi na aliyeko chumbani. Mgonjwa akiwa mtoto, suala linakwenda kwenye sheria na maadili ya taaluma, na ustadi wa mazungumzo hautatosha. Familia ikitaka mgonjwa afichwe ugonjwa wake, kuna swali la kumuuliza mgonjwa mwenyewe, angependa kuambiwa kiasi gani na nani aambiwe, lakini haliwezi kuondoa mgongano wote. Wala igizo halimwongezei mtu muda wodini. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa arobaini anaweza kuwa bingwa wa kuuliza na asipate nafasi ya kusikia jibu. Vyuo visitumie somo hili kuwatupia wanafunzi lawama ya uhaba wa wauguzi.

Linabaki suala la kupima. Tafiti nyingi za eneo hili humpa mwanafunzi dodoso kabla na baada, ajipe alama mwenyewe. Alama zikipanda, watu hufurahi. Mimi huwa na shaka, kwa sababu asiyejua kitu hujiamini sana, na zoezi zuri linaweza kuzishusha alama hizo kwa kumwonyesha mtu asichokuwa anakiona. Na wanafunzi si wajinga: husoma fomu ya mtihani kabla ya kusoma kitabu. Ikiwa kwenye mtihani wa vitendo kuna mstari wa "ameheshimu imani ya mgonjwa", watatamka heshima na kupita. Ningeufuta mstari huo, nikaweka mitatu. Muuguzi aligundua jambo lililofichwa kwenye kadi ya mgonjwa, au hakuligundua? Alimwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake walichokubaliana, au alimuuliza tu "umeelewa?" na kuitikiwa ndiyo? Wa tatu ujazwe na aliyeigiza mgonjwa, si mkufunzi: ningependa kurudi kwa muuguzi huyu, au la, na kwa nini. Kama tunamchukulia Ramsden kwa uzito, alama hiyo ya tatu inapaswa kuwa na nguvu ya kumfelisha mtu.